Nafsi katika Majina ya Njaa za Ukambani

Wakamba wa Kitui na Makueni huzipa njaa zao majina, na majina hayo yamezoeleka kusomwa kama kalenda tu: mzee huulizwa alizaliwa wakati wa njaa gani, mwanahistoria akapata mwaka wake. Hoja ya John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, katika kitabu chake cha 1969, kwamba wakati wa Mwafrika ni mfululizo wa matukio, huweza kutuelekeza huko huko. Sisi twadai kwamba majina haya ni tungo za fasihi simulizi, fupi kuliko methali, na yafaa zihakikiwe hivyo.

Tutazame Ngomanisye, njaa ya mwisho wa karne ya 19, iliyoandamana na sotoka na ndui huku reli ikijengwa kuelekea Nairobi. Maana yake ni iliyoenea kote. Mtendaji hapa ni njaa. Binadamu hasemi, amefikiwa tu. Njaa ya 1961 iliitwa ya Ndeke, yaani ya ndege, kwa kuwa ndege zilidondosha chakula. Kisanaa jina hili ni dhaifu, kwani lataja kilichoonekana tu.

Jina la 1984 ndilo lenye uzito: Nikw'a ngwete, yaani nafa hali nimeshika. Kilichoshikwa hakitajwi, lakini kila msikilizaji alijua kuwa ni fedha. Mvua ilikosekana, maduka yakawa hayana unga, na mshahara uliotumwa kutoka Mombasa au Nairobi ukawa karatasi mkononi. Kwa miaka mingi kijana wa Ukambani aliambiwa kwamba maana ya kwenda mjini ni kuiepusha nyumba yake na njaa. Jina hili labomoa imani hiyo kwa maneno mawili, bila kulaani mtu. Badala ya njaa kutenda, nafsi ya kwanza umoja ndiyo inayonena, na yanena juu ya kiganja chake yenyewe.

Wapo wanaoliona jina hili kuwa kilio. Hatukubaliani nao, lina kejeli kali, na kejeli hiyo mtu hujielekezea mwenyewe kwanza. Tena aliyekufa hakuweza kulitunga. Lilitungwa na aliyebaki, aliyekula mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, naye akachagua kusema «nafa» kwa niaba ya jirani ambaye hakuyawahi.