Matembezi Bila Kiongozi: Istilahi za Karatasi Moja ya Wasafiri

Imetufikia mezani karatasi ya kurasa nne, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wasafiri wasomao Kiswahili. Karatasi hiyo yaeleza matembezi ya miguu katika jiji la Tokyo: mtu aanzia Meiji Jingu, afuata barabara iitwayo Omotesando, na kuishia katika jumba la sanaa la Nezu. Kutoka lango la kwanza la Meiji Jingu hadi jumba la Nezu ni kiasi cha kilomita 2 tu. Mfasiri hatumjui, na aliyemwajiri hatuna haja ya kumtaja. Sarufi yake ni safi, wala hatukuona upatanisho wa ngeli uliokwenda kombo isipokuwa mahali pamoja. Tunaloliandikia ni uteuzi wake wa istilahi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini robota hili la kurasa nne lisumbue jarida zima. Jibu letu ni hili. Mgeni anayefuatana na kiongozi, hata kiongozi huyo akitumia neno baya, huonyeshwa kitu kwa kidole, na kosa likasahihishwa papo hapo. Karatasi haina kidole. Mtu amesimama peke yake mbele ya watu wanaoabudu, lugha yao haijui, na kila atakalolitenda kwa mikono na magoti yake atalitenda kwa sababu ya neno aliloandikiwa. Katika kazi ya namna hii istilahi ndiyo kiongozi mwenyewe.

Tuanze na kichwa cha karatasi: “Ziara ya Kujiongoza kutoka Kaburi Takatifu hadi Makumbusho ya Sanaa”. Neno ziara lina maana mbili zilizokomaa. Moja ni safari rasmi ya mkubwa, kama ziara ya Rais mikoani. Nyingine, iliyo kongwe zaidi pwani, ni kwenda kuzuru kaburi la mtu mwema. Mfasiri aliposema ziara na kaburi kwa pamoja alimalizia ushahidi wa uongo: msomaji wa Lamu au wa Unguja ataamini pasipo shaka kuwa kuna mtu aliyezikwa pale. Hakuzikwa mtu. Meiji Jingu ilianzishwa mwaka 1920 kwa heshima ya roho za Mfalme Meiji, aliyefariki mwaka 1912, na mkewe Shoken, aliyefariki mwaka 1914, lakini mfalme huyo alizikwa Kyoto, mamia ya kilomita kutoka hapo. Atakayefika na nia ya kusoma dua kaburini atalitafuta kaburi hadi jua lituwe. Na kuhusu kujiongoza, hilo ni sifa ya nchi au ya chama. Mtembezi hajiongozi, hana kiongozi tu. “Matembezi bila Kiongozi” yanatosha.

Sasa mahali hapo paitwe nini? Wajapani wana majina mawili yasiyochanganywa: jinja (au jingu, panapohusu ukoo wa kifalme) ni mahali pa dini yao ya asili, Shinto, tera ni nyumba ya ibada ya Wabuda. Mfasiri alipoona neno kaburi halimfikishi mbali, katika ukurasa wa pili alihamia hekalu. Hapo alijifungia njia, kwa sababu karibu na mwisho wa Omotesando mtembezi hupita kando ya Zenkoji, ambayo ni nyumba ya Wabuda, nayo pia akaiita hekalu. Tofauti ambayo mwenyeji mdogo kabisa anaijua ikafutwa katika kurasa mbili.

Sisi twapendekeza hekalu libaki kwa Wabuda, ambako limekwisha kuzoeleka. Kwa jinja tulifikiria kwanza mzimu na mzimuni. Kwa maana ya asili maneno hayo yanakaribia sana, maana yanayoheshimiwa pale ni roho za wafu waliotukuzwa. Lakini mzimu umeharibiwa. Kwa masikio ya leo ni kitisho cha usiku, wala hatuoni vema kumwambia mgeni kwamba wenyeji wake wanatumikia vitisho. Zaidi ya hayo, Dar es Salaam ina kata iitwayo Mzimuni na nyingine iitwayo Makumbusho, zote katika Kinondoni, na mtu akisema anatoka Mzimuni kwenda Makumbusho atauliziwa nauli, si dini.

Limebaki kutambika. Kitendo hiki ni cha kutoa heshima na sadaka kwa waliotangulia, na kinajulikana bara na pwani. Kwa kiambishi kilekile kilichotupa kimbilio kutokana na kukimbilia, twaweza kupata tambikio kutokana na kutambikia: mahali panapotambikiwa, wingi matambikio. Tunakiri kuwa si sawa kabisa, kwani tambiko letu aghalabu ni la ukoo, na pale Meiji watu wa koo zote huja. Hata hivyo tambikio halidai kaburi, halidai sanamu, wala halinyang’anyi dini nyingine neno lake.

Neno hilo lina faida nyingine, nayo ni kutuandaa kwa msitu. Tambikio la Meiji liko ndani ya msitu wa hekta kama 70, katikati ya jiji. Wasomaji wa Mombasa na Kilifi hawatashangaa, kwa kuwa makaya ya Wamijikenda nayo ni misitu inayotunzwa kwa heshima ya mahali, na baadhi yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Ila karatasi yetu imeandika “msitu wa asili”, na hilo si kweli. Ulipandwa. Miti kama 100,000 ilitolewa na watu wa sehemu zote za Japani, na wataalamu, miongoni mwao Honda Seiroku, waliipanga ili baada ya vizazi kadhaa msitu ujiotee wenyewe bila kupandwa tena. Neno asili limewapora watu hao kazi yao yote. Msitu wa kupandwa usemwe kuwa umepandwa.

Tufike kwenye birika. Hapa ndipo tulipohuzunika kuliko pote, kwa sababu Kiswahili kilikuwa na kila kitu na mfasiri hakukigusa. Kabla ya kuingia uwanja wa ndani mtu hunawa: hushika chombo chenye mpini mrefu kwa mkono wa kulia na kumimina maji juu ya mkono wa kushoto, kisha hubadilisha na kunawisha wa kulia, kisha humimina maji kidogo kiganjani na kusukutua kinywa, bila chombo kugusa midomo. Karatasi yasema: “Chukua kijiko kirefu kutoka kwenye tangi.” Kijiko! Kila msikiti wa kale wa pwani ulikuwa na birika lake la mawe, na penye birika palikuwa na kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Birika na kata: hayo ndiyo majina, nayo yanamfundisha msomaji mara moja kwamba maji haya si ya kunywa wala ya kukorogea chai. Twajua vijana wengi wa leo hawajui kata nyingine ila ile ya diwani. Basi wafundishwe hapa. Lakini tusingeandika kutawadha, kwani udhu una nia na utaratibu wake, na viungo vinavyooshwa si hivi. Kunawa kwatosha.

Kosa lililotufanya tuandike makala haya, hata hivyo, ni moja. Mbele ya jengo kuu mwenye kuabudu huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, kisha huinama mara moja tena. Karatasi imesema: “Sujudu mara mbili.” Mfasiri alitaka neno zito lenye heshima, akalipata zito kupita kiasi. Kusujudu ni kuweka paji la uso chini. Hakuna afanyaye hivyo pale. Msomaji mtiifu atajikuta amelala juu ya mawe huku watu wakimzunguka. Na msomaji mwenye dini, awe Mwislamu au Mkristo, ataona anaamriwa kumsujudia mfalme aliyekufa, atakunja karatasi na kugeuka, akiamini maisha yake yote kwamba Wajapani walimtaka afanye jambo ambalo hawakumtaka afanye. Hata kuinama si lazima kwa mgeni. Kusimama kando kwa adabu kunaruhusiwa. Neno ni kuinama, na lingalitumika hilo, kusingekuwa na ugomvi wowote.

Vibao vya mbao ambavyo watu huandika haja zao na kuvitundika si “vibao vya nadhiri”, kwa kuwa nadhiri humfunga aliyeiweka. Ni vibao vya maombi. Torii si tao, kwani haina upinde. Ni nguzo mbili na mihimili ya juu, bila milango. Ile kubwa ya Meiji ina urefu wa meta 12, nayo ilisimamishwa mwaka 1975 kwa mti wa Taiwan baada ya ile ya kwanza kupigwa na radi. Torii iachwe torii.

Omotesando imefasiriwa “mtaa wa maduka”. Maduka yapo, tena ya nguo za bei isiyosemeka. Lakini jina lenyewe maana yake ni njia ya mbele ya kwendea ibada, nayo ilitengenezwa pamoja na tambikio iwe njia yake. Miti ya pande zote mbili na taa za mawe zilizo mwisho wake ni za safari ileile. Mtembezi aliyeambiwa “mtaa wa maduka” anadhani ametoka mahali patakatifu na kuingia sokoni, kumbe bado yumo njiani.

Kuhusu jumba la Nezu tuna machache. Makumbusho latokana na kukumbusha, na Dar es Salaam lilikaa vizuri, kwa sababu nyumba ile iliyofunguliwa mwaka 1940 ilikuwa ya kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Jumba la Nezu, lililoanzishwa mwaka huohuo wa 1940, halikumbushi mtu. Lilihifadhi vitu vya sanaa alivyokusanya Nezu Kaichiro, tajiri wa reli aliyefariki mwaka huo. Jengo la sasa, lililochorwa na Kuma Kengo na kufunguliwa mwaka 2009, lina ujia wa mianzi wa kuingilia. Makumbusho ya kweli kwa maana ya neno yako upande mwingine, katika bustani ya nje ya Meiji, ambako picha 80 zaonyesha maisha ya mfalme huyo. Hatutaki kuling’oa neno lililokwisha kuota, ila “jumba la sanaa” lingalikuwa wazi zaidi hapa.

“Hazina ya Taifa saba” ndipo mahali pamoja palipoharibika upatanisho, na maana pia, kwani kwetu Hazina ni wizara ya fedha. Tuseme tunu saba za taifa. Mojawapo ni jozi ya viwambo vya kukunja vya Ogata Korin, vyenye maua ya buluu na majani ya kijani juu ya dhahabu, ambavyo kwa desturi huonyeshwa majira ya kuchipua, wakati maua yaleyale yanapochanua bustanini nyuma ya jumba. Karatasi imeviita mapazia, na maua hayo imeyaita mayungiyungi. Yungiyungi huelea juu ya maji. Haya husimama wima ukingoni mwa kidimbwi, majani yake kama panga. Mtembezi atashuka bustanini, atatazama uso wa maji, hatayaona, naye amesimama kando yake. Sisi tumeandika airisi kwa muda, bila kuridhika. Msomaji aliye na jina la kienyeji la ua la jamii hiyo, kutoka nyanda za juu au penginepo, alilete pamoja na maelezo ya mahali linapotumika.