"Siasa" na "Sera": Neno Moja Lililogawanywa

Maneno ya kila siku ndiyo ambayo mfasiri huyachunguza kidogo kuliko mengine yote. Akikutana na istilahi ya uhandisi au ya utabibu husimama, hufungua kamusi, huuliza wenzake. Lakini neno kama siasa hulipita pasipo hata kupunguza mwendo, kwa kuwa analijua tangu utotoni. Kumbe maneno ya namna hiyo ndiyo yanayobadilika maana huku tukiyatazama. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hilo moja, pamoja na sera, neno ambalo limepewa sehemu ya kazi yake. Sababu ya kulichagua tuliipata Nyaishozi.

Tulikuwa tumefika huko, katika wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, kwa shughuli ya kukusanya maneno ya kilimo cha kahawa na migomba. Siku moja tukakaribishwa kukaa nyuma katika mkutano wa wakulima. Afisa mmoja alikuwa akieleza utaratibu wa kuuza kahawa kwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, utaratibu uliotiliwa mkazo tangu msimu wa 2018, na akaonya vikali juu ya butura. Wasomaji wa mikoa mingine pengine hawalijui neno hili: butura ni mkulima kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya chini, kwa sababu ana shida ya fedha leo na mavuno ni ya kesho. Mzee mmoja akasimama akauliza: mtu asiyeruhusiwa kuuza kwa butura, na ambaye malipo ya chama hayajamfikia, amlipie nini mtoto ada ya shule? Afisa akajibu kwa adabu, lakini kwa mkato: "Mzee wangu, hii ni sera. Tusilete siasa hapa." Yule mzee hakukaa. Akasema, "Mwanangu, zamani mlituambia siasa ni kilimo. Leo mnatuambia kilimo si siasa. Basi tushike lipi?"

Watu walicheka, na mkutano ukaendelea. Sisi hatukucheka sana, maana swali lile lilikuwa la istilahi, na walioulizwa kwa haki tulikuwa ni sisi.

Tuanzie mbali. Siasa limetoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuchunga na kutunza wanyama, hasa farasi. Kutoka kuongoza farasi maana ikapanda hadi kuongoza watu. Kiswahili kililipokea pia neno saisi, yaani mtunza farasi, na hata leo limo katika kamusi zetu ingawa farasi wenyewe ni haba. Saisi na siasa ni ndugu wa damu. Wala si Waarabu peke yao walioiona njia hiyo ya maana. Wilaya za Karagwe na Kyerwa zinapakana na Uganda na Rwanda, na lugha za majirani hao zina kitenzi kimoja kwa asili, kutegeka. Katika Kiganda maana yake ni kupanga, kuandaa, kuweka vitu tayari. Katika Kinyarwanda maana yake ni kuamuru na kutawala, na utawala huitwa kwa jina lililotokana nacho. Mwenye kupanga vyombo na mwenye kupanga watu wamepewa kitenzi kimoja.

Katika Kiswahili cha zamani siasa ilibaki karibu na saisi kuliko ilivyo leo. Mtu aliyefanya jambo kwa siasa alilifanya kwa uangalifu, kwa upole, bila pupa. Aliyesema na mgomvi kwa siasa alimtuliza. Kamusi bado zinaionyesha maana hiyo, ila huiweka mwishoni, kama mzee aliyekaribishwa kwenye kiti cha pembeni. Vijana wengi hawaijui kabisa. Mwalimu akimpa mwanafunzi wa leo sentensi "Alimwendea baba yake kwa siasa", mwanafunzi ataeleza kwamba kijana yule alikuwa na hila, alikwenda kumdanganya baba yake. Sentensi haikubadilika hata herufi moja, bali tabia ya yule kijana imebadilishwa.

Maana ya pili, ile ya mwongozo wa nchi au wa chama, ndiyo iliyotawala miaka ya 1960 na 1970. Hapa hatuna haja ya kubahatisha, kwa kuwa ushahidi uko katika hati iliyo maarufu kuliko zote: Azimio la Arusha na Siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea, ya 1967. Katika Kiingereza, neno lililotumika mahali pa siasa katika anwani hiyo ni "policy". Kadhalika wakati huo ilisemwa siasa ya kutofungamana na upande wowote, na makaburu wa Afrika Kusini walilaumiwa kwa siasa yao ya ubaguzi wa rangi. Katika mifano hiyo yote hakuna mgombea wala kura wala jukwaa. Siasa ilikuwa ni msimamo uliopangwa na njia ya kuufuata.

Miaka mitano baada ya Azimio, mwezi Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa na kutoa mwongozo uliojulikana kwa maneno matatu: Siasa ni Kilimo. Tazama sasa yaliyoipata kauli hiyo mikononi mwa wafasiri. Vitabu vingi vya Kiingereza vinavyoitaja huifasiri kwa "politics", kana kwamba TANU ilitoa kitendawili. Msomaji wa kigeni hujiuliza, kilimo kinawezaje kuwa siasa? Lakini anayesoma kwa Kiswahili cha 1967 hapati kitendawili chochote: mwongozo wetu, jambo tulilolishika mbele ya mengine, ni kilimo. Neno ni lile lile, chama ni kile kile, miaka mitano tu imepita, na tafsiri imekwenda upande mwingine. Hatusemi kwamba maana ya "politics" haikuwamo kabisa. Ilikuwamo, kwa sababu neno lilizibeba zote mbili pamoja, na waliolisema walijua kwamba linazibeba. Kosa la mfasiri ni kuchukua nusu moja na kuitupa nyingine bila kumwambia msomaji wake.

Yafaa pia tusiipambe miaka ile kupita kiasi. Wakulima hawakuulizwa kila jambo. Katika Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, watu walihamishwa kwa amri, na sehemu nyingi sheria ndogo ziliwalazimisha wakulima kulima ekari zilizotajwa. Mzee wa Nyaishozi anayakumbuka hayo kuliko sisi, tuliokuwa bado hatujazaliwa. Hata hivyo neno lenyewe lilimwachia mlango. Maadamu kilimo ni siasa, na siasa huzungumzwa mkutanoni, basi naye angeweza kusimama akasema.

Baadaye siasa ilishuka thamani. Ilikuwa ni somo shuleni, somo la siasa, lenye mitihani yake. Baada ya mageuzi ya 1992 yaliyoruhusu vyama vingi, mahali pake pakachukuliwa na somo la uraia. Neno likabaki kwa wagombea na wapinzani wao. Leo husemwa siasa za maji taka, husemwa "acha siasa, lete hoja", na mtu akiambiwa "wewe una siasa" anajua kwamba hakusifiwa. Kutoka upole hadi porojo ni safari ndefu, nayo yote imekwishwa ndani ya uhai wa mtu mmoja aliyejaliwa umri.

Hapo ndipo sera ilipopata nafasi. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha kukaa katika nyaraka za Serikali: kuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, na Sera ya Utamaduni ya 1997. Kenya nao wanaitumia. Sisi tunaoshughulika na istilahi tulifurahi, na tulikuwa na sababu ya kufurahi. Mfasiri aliyekuwa akihangaika na sentensi ya Kiingereza yenye maneno yote mawili sasa alikuwa na neno kwa kila moja.

Lakini tulisahau kujiuliza kama mgawanyo huo ni wa lazima. Kifaransa hakiugawi, neno lao moja "politique" hutosha, na linalotakiwa hueleweka kwa maneno yanayolizunguka. Kijerumani vivyo hivyo, na Kiarabu chenyewe hadi leo. Waswahili wa mashariki ya Kongo husema politiki, na Wanyarwanda pia, ng'ambo tu ya mpaka wa Karagwe, na hakuna aliyekwama. Kiingereza ndicho kilichogawa, nacho hakikugawa kwa utulivu. Katika karne ya 16 na ya 17 "policy" ilikuwa pia na maana ya werevu wa hila, na katika tamthilia za wakati wa Shakespeare kumwita mtu "politician" kulikuwa kumwita mtu wa vitimbi. Maneno hayo yote, pamoja na polisi wetu, yametoka katika neno moja la Kiyunani lenye maana ya mji. (Ile "policy" ya bima haimo katika ukoo huu. Ni neno jingine lililofanana nalo kwa bahati, na tumewahi kuona hati ya bima ikiitwa "sera ya bima", jambo ambalo lingemshangaza wakala mwenyewe.) Basi tulipoiga mgawanyo wa Kiingereza tuliiga historia ya watu wengine, na tukaiita usahihi.

Je, turudi nyuma, tuifute sera? La hasha. Neno limekwisha kuota mizizi, watumishi wamelizoea, na katika nyaraka lina manufaa ambayo hatuwezi kuyakana. Malalamiko yetu ni juu ya jinsi linavyotumiwa nje ya nyaraka. Sera imekuwa kifuniko cha chungu. Ukisema "hii ni siasa", msikilizaji anajua kuna mtu aliyeamua na mtu awezaye kubishana naye. Ukisema "hii ni sera", jambo linaonekana limeshuka lenyewe, kama mvua. Yule afisa wa Nyaishozi hakuwa mtu mbaya, na huenda hata majibu hakuwa nayo. Alitumia neno alilopewa, nalo likamfanyia kazi ya kufunga mazungumzo. Bei ya kahawa, siku ya malipo, ada ya mtoto, yote yalifungiwa ndani ya neno moja, na aliyeuliza akaonekana mchochezi. Tulipoyatenga maneno haya mawili tulikuwa tunamfikiria mfasiri mezani kwake. Mkulima aliyesimama katikati ya watu hatukumfikiria.

Nayo sera, inafaa tuiangalie mwendo wake. Wakati wa kampeni wagombea husemwa kwamba wananadi sera. Kunadi ni kazi ya dalali mnadani, anayepaza sauti ili bidhaa ipate mnunuzi. Neno lililoletwa likae mbali na kelele za jukwaa limekwisha kupandishwa jukwaani, na tayari tumesikia watu wakisema "hizo ni sera tu" kwa sauti ile ile ya "hizo ni siasa tu". Hatutashangaa ikiwa watakaotufuata katika kazi hii watalazimika kutafuta neno la tatu.

Kwa wafasiri tunapendekeza yafuatayo, kwa kadiri tulivyoona katika kazi. Hati za kabla ya miaka ya 1980 zisisahihishwe. Tumeona nakala zilizochapwa upya ambamo siasa ya kutofungamana imegeuzwa kuwa sera ya kutofungamana. Huko ni kumtia mwandishi maneno asiyoyasema. Siasa iachwe, na palipo na shaka maelezo yatolewe chini ya ukurasa. Anayefasiri kauli ya 1972 kwa lugha ya kigeni aeleze maana zote mbili, hata kama sentensi itarefuka. Katika barua na matangazo yanayowaendea wananchi, sera itajwe pamoja na mwenye nayo: sera ya wizara fulani, ya mwaka fulani. Aandikaye "kwa mujibu wa sera" tu hajamwambia mwananchi aende kumwuliza nani. Walimu nao, wanapofundisha ushairi na hadithi za zamani, waanze na ile maana iliyowekwa mwishoni katika kamusi.

Juu ya maana hiyo tuna ombi. Tulipokuwa tukiondoka Nyaishozi tulimwuliza yule mzee kama amewahi kusikia mtu akisema "kwa siasa" kwa maana ya upole. Alifikiri kidogo, akasema hapana. Kiswahili alijifunza shuleni na mikutanoni, na mikutanoni siasa ilikuja na lori. Sisi tunaamini kwamba matumizi hayo bado yako hai Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu, na pengine kwa wazee wa Tanga na Bagamoyo. Wasomaji wanaoyasikia kwa masikio yao watuandikie sentensi nzima kama ilivyosemwa, pamoja na jina la mahali na umri wa msemaji kwa makisio.