Sikio Kabla ya Spana

Mwezi Julai hapa Makutano, Meru, nguo zilizoanikwa asubuhi huweza kuanuliwa jioni zikiwa bado na ubichi. Tuko karibu kabisa na ikweta, lakini baridi na mawingu ya Mlima Kenya hayajali hilo, na ikifika Novemba mvua za vuli nazo hushika zamu. Ndiyo maana mwenye mashine ya kufua ya matangi mawili hulitegemea sana lile dogo la kukamulia, tunaloliita spina. Likianza kupiga kelele, fundi huitwa siku hiyohiyo.

Fundi hodari hakimbilii skrubu. Huomba mashine iwashwe, kisha hunyamaza. Hajali sana ukubwa wa kelele. Anataka kujua inaanza lini. Chini ya kapu pana mota iliyoungwa nalo moja kwa moja, bila mkanda, na kwa umeme wetu wa hezi 50 hulizungusha zaidi ya mara 1,300 kwa dakika. Kati ya kuwaka na kusimama, kila kifaa kina wakati wake wa kulalamika.

Kapu likiyumba na kugonga kuta mara tu linapoanza, atauliza kwanza nguo zilipangwaje, ndipo akague springi zinazobeba mota. Mngurumo unaokua kadiri kasi inavyopanda humpeleka kwenye beringi: huenda mpira wa kuzuia maji kwenye shafti umechanika, maji yakadondokea mota, kutu ikafanya kazi yake. Mkwaruzo wa hapa na pale huweza kuwa sarafu au pini ya nywele iliyopenya kati ya kapu na tangi. Mlio wa kusaga wenye harufu ya kuungua ni wa breki isiyoachia, kwa kuwa waya unaoivuta kutoka kwenye mfuniko umelegea.

Sasa ndipo anapochomoa plagi, anafungua mgongo wa mashine na kuhakikisha kapasita haina chaji. Analizungusha kapu kwa mkono, polepole, akihisi linapokwama. Ikiwa ni breki, hukaza waya kidogo, huzungusha, hukaza tena kidogo. Ukilegea, breki inasugua. Ukikazwa kupita kiasi, breki haitashika kabisa.

Hapo ndipo mafundi hutengana. Njia ya mkato ipo: ng'oa kiatu cha breki, kelele itakwisha papo hapo, na mteja atalipa akitabasamu. Lakini breki hiyo ndiyo inayosimamisha kapu mfuniko unapoinuliwa. Bila hiyo, kapu huendelea kuzunguka huku mtoto anaweza kutia mkono, na nguo zinazozunguka zikaunasa. Mashine imenyamaza, ila imekuwa ya hatari kuliko ilipokuwa ikipiga kelele.

Kwa hiyo fundi mwenye heshima ya kazi hajaribu mashine tupu. Huomba taulo zilizolowa, humwachia mwenye nyumba azipange mwenyewe, huacha kapu lifike kasi yake yote, kisha huinua mfuniko na kuhesabu. Likisimama kwa sekunde chache, hapo ndipo anapokusanya spana zake na kutaja malipo yake.