Lukasa ya Waluba: Je, Ushanga ni Maandishi?

Wako wasemao ya kuwa Waluba wa Kongo, kwa kuwa hawakuwa na herufi, hawakuwa na kumbukumbu ila za kinywa tu. Ubao uitwao lukasa wakanusha neno hilo. Wako na wengine wauitao ubao huo kitabu. Hao nao wamepita mpaka.

Lukasa ni kipande cha mti kienezacho mkono, kilichopambwa kwa shanga na makombe. Wajuzi wa chama cha Mbudye huushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia hupita juu ya shanga, huku msomaji akisimulia nasaba za wafalme, mahali patakatifu na safari za watu wa kale. Thomas Q. Reefe, mwaka 1977, alieleza mipango mitatu: ushanga ulio peke yake, ushanga mkubwa uliozungukwa na shanga ndogo, na mstari wa shanga. Ule mkubwa waweza kuwa mfalme kati ya watu wake. Mstari waweza kuwa njia.

Neno “waweza” ndilo lenye uzito. Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts, katika kitabu chao cha 1996 juu ya sanaa ya Waluba, wameonyesha ya kuwa masimulizi hubadilika kwa kadiri ya msomaji, wasikilizaji na shauri lililowakutanisha. Basi ubao haunakili maneno. Huyapangia mahali pake. Uzuri wake nao si pambo tu, kwa maana rangi na ukubwa wa shanga ndivyo vinavyokiongoza kidole.

Tuulinganishe na khipu, nyuzi za mafundo za Wainka wa Peru. Mwaka 1912 Leland Locke alithibitisha ya kuwa mahali pa fundo katika uzi huonyesha mamoja, makumi au mamia, na ya kuwa uzi mmoja waweza kuwa jumla ya nyuzi nyingine. Hesabu hiyo yasomeka hata leo, ingawa aliyeifunga amekufa zamani. Lakini ni hesabu ya nini? Ya mahindi, au ya watu? Mara nyingi uzi hausemi. Padre José de Acosta, katika kitabu chake cha mwaka 1590, asimulia habari za mwanamke aliyeleta konzi ya nyuzi, ndiyo maungamo ya maisha yake yote. Nyuzi hizo, pasipo mwanamke yule, zingalitwambia nini?

Kwa hiyo twahukumu hivi: khipu yashinda kwa kulinda idadi, lukasa kwa kulinda mpango wa habari, wala hakuna kati yake kiwezacho kuachana kabisa na kinywa. Kosa si la shanga. Kosa ni la wakusanyaji waliochukua ubao wakaacha masimulizi, kisha wakaandika ya kuwa maana yake haijulikani.

Mwalimu akiona mkufu wa shanga au mkeka wa nakshi katika mtaa wake, asianze kwa kuuliza bei, wala asitunge orodha ya rangi na maana zake. Amwombe aliyeutengeneza ausome kwa kidole, naye aandike maneno yake yote, pamoja na siku, mahali, na nani waliokuwapo wakisikiliza.