Ngome ya Yesu Mombasa: Tuizuru Vipi, na Tusome Nini Ndani Yake?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Mwislamu anayetoka bara, kutoka huku kwetu Kasulu na Kibondo, akifika Mombasa mara nyingi hupelekwa kuiona Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji huiita Ngomeni. Ndani yake mna makumbusho yenye vitu vilivyofukuliwa ardhini katika miji ya kale ya pwani. Hapa pana maswali mawili. La kwanza ni la fiqhi: je, safari ya namna hii inafaa? La pili ni la tarekhe: je, anayetoka humo ametoka na elimu ya kweli kuhusu Waislamu waliotutangulia?

Hukumu ya safari

Wapo wanaoikataa safari hii kwa kutegemea hadithi sahihi ya Bukhari na Muslim, inayosema kuwa safari isifungwe ila kwenda misikiti mitatu: wa Makka, wa Madina na wa Baitul Maqdis. Imam an-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ametaja khilafu iliyomo katika madhehebu yetu ya Shafi. Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni aliona kusafiri kwenda mahali pengine, kama makaburi ya watu wema, ni haramu. Mwanawe, Imamul Haramayn, hakuafikiana naye. An-Nawawi akasema kauli sahihi ni kuwa si haramu wala si makuruhu, na kwamba makusudio ya hadithi ni ukamilifu wa fadhila.

Ikiwa khilafu yenyewe imehusu safari za kutafuta fadhila ya mahali, basi anayekwenda Ngomeni bila kuitakidi fadhila yoyote katika mawe yake yuko mbali zaidi na katazo. Naye anayo amri iliyokariri katika Qur'ani, kama katika Suratul An'am aya ya 11 na Surat Rum aya ya 42, ya kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotangulia. Lakini amri hiyo ni ya kutazama kwa mazingatio. Mtu akipiga picha juu ya mizinga na kuondoka, macho yake yametembea na moyo wake umebaki nyumbani.

Ngome inasema nini

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, baada ya kuona meli za Amir Ali Bey wa Waturuki zikipokelewa na miji ya pwani. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliiteka kutoka ndani. Tarehe 13 Machi 1696 jeshi la Imam Saif bin Sultan wa Oman liliizingira, na ikaanguka Desemba 1698, baada ya miezi 33. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728. Kisha wakaishika Mazrui, mpaka Sayyid Said alipoichukua mwaka 1837. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Kazi iliyofanywa humo inastahiki kushukuriwa. Vyombo vya udongo na vya kaure kutoka Gedi, Manda na Ungwana vimehifadhiwa. Vitu vya merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, vilitolewa baharini na wapiga mbizi kuanzia mwaka 1977. Michoro ya merikebu na makanisa ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani imehifadhiwa, na ukumbi wa Mazrui wenye mabaraza na maandishi ya karne ya 18 umehifadhiwa pia.

Kasoro iko wapi

Kasoro ni ya dalili yenyewe. Kigae cha kaure hutueleza kuwa palikuwa na biashara na Uchina. Hakituelezi kama mwenye sahani alitoa zaka, wala alisoma kwa nani. Na jiwe hudumu ambapo mti huoza. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, yaani zaidi ya miaka 260 kabla ya ngome. Akaandika kuwa watu wake ni wacha Mungu, wafuasi wa Shafi, na kwamba misikiti yao ni ya miti iliyojengwa kwa ustadi. Misikiti hiyo leo haipo. Tunaijua kwa sababu mtu mmoja alishika kalamu.

Kwa hiyo mgeni anayehesabu historia kwa kuta ataanzia 1593, na Uislamu wa Mombasa utamjia kama habari ya mazingira tu. Dawa ni kutoishia ngomeni. Atembee kidogo ndani ya Mji wa Kale aende kusali Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kauli mashuhuri ulijengwa mwaka 1570. Akipata nafasi afike Gedi, alione kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, sawa na 1399. Kisha asome tarekhe ya Mazrui aliyoiandika kwa Kiarabu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki mwaka 1947.

Insafu juu ya nafsi zetu

Hatari nyingine iko upande wetu. Baadhi yetu huisoma ngome kama ubao wa magoli: mwaka fulani wameshinda wao, mwaka fulani tumeshinda sisi. Suratul Maida aya ya 8 inakataza chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Katika waliouawa mwaka 1631 walikuwamo wanawake na watoto, na fiqhi ya jihadi imekataza wazi kuwaua. Dhulma aliyotendewa Sultani Yusuf, kupelekwa Goa na kulelewa katika dini isiyokuwa ya baba yake, haibadilishi hukumu hiyo. Mazrui na Busaidi walikuwa Waislamu wote, na wakagombania kuta hizo hizo. Biashara ya watumwa nayo ilistawi pwani chini ya watawala Waislamu, na njia zake zilifika mpaka Ujiji, mlangoni petu. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi Ngomeni aseme yote haya, la sivyo atakuwa amewafundisha ushabiki.

Somo kwa watu wa Kigoma

Huku kwetu hakuna ngome. Hata Ujiji, mji wa Waislamu tangu siku za misafara, makumbusho yake yanajulikana kwa jina la Livingstone, aliyekutana hapo na Stanley mwaka 1871. Na tazama Mtabila. Kambi ile ilikaa wakimbizi wa Burundi kuanzia miaka ya 1990 na ikafungwa mwishoni mwa 2012, ambapo zaidi ya watu 30,000 walirejeshwa kwao katika miezi michache. Waislamu waliokuwa miongoni mwao walisali, wakasomesha, wakaozesha na kuzika. Nyumba ya udongo na turubai haisubiri mchimbaji wa mambo ya kale.

Hili si la tarekhe peke yake, bali lina hukumu ndani yake. Nani alikuwa walii wa ndoa ile? Mashahidi ni akina nani? Mtoto huyu nasaba yake ni ipi, na anamrithi nani? Mjane aliyerejea Burundi ataithibitishaje ndoa yake ikiwa imamu aliyeifungisha hakuandika? Allah (s.w.) ametuamrisha kuandika deni katika Suratul Baqara aya ya 282, na haki ya nasaba na mirathi si ndogo kuliko deni.

Basi kila msikiti wa Buha uwe na daftari la ndoa, talaka, vifo na makaburi, na lingine la walimu: nani alisoma kwa nani, wapi, na kitabu gani. Wazee waliofundisha au kusoma Mtabila waulizwe wangali hai, na majibu yao yaandikwe kwa tarehe na majina ya walioshuhudia. Kazi hii inahitaji daftari, kalamu na mtu mwaminifu, na kila imamu anaweza kuianza Ijumaa ijayo baada ya sala.

Wallahu a'lam.