Gege, Natani na Mtihani wa Ujasiri

Mwalimu mwenzangu, ukimwuliza mwanafunzi wa Boito, huku kwenye majani ya chai ya Bomet, ni nani jasiri katika Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyotoka mwaka 2001 na kuwahi kutahiniwa katika KCSE, atakujibu hata kabla hujamaliza swali: Mwelusi. Hoja anazo. Alimpinga mtemi Bokono, akafungwa, akateswa, akauawa. Alama zote atazipata. Je, amejifunza ujasiri? Nina shaka.

Kosa ni letu. Mwelusi tunamfundisha kama Danieli wa shule ya Jumapili: shujaa wa mbali, asiyetikisika, wa kustaajabiwa tu. Kwa maoni yangu, mhusika anayestahili vipindi vyetu ni Gege, nduguye. Huyu si zimwi. Ni kijana aliyeahidiwa binti wa mtemi, akakubali kumwua ndugu yake wa tumbo moja. Mtoto aliyelelewa kanisani atawakumbuka mara moja Kaini na Yuda. Mwache awakumbuke, ila asiishie hapo, kwani ni rahisi mno kumlaani Yuda ukiwa umeketi kwenye benchi la kanisa.

Hapa nabii Natani anatushinda wengi wetu kwa ualimu wa fasihi. Hakumwendea Daudi na mahubiri. Alimsimulia kisa cha tajiri aliyempora maskini mwanakondoo wake wa pekee, akamwacha mfalme awake hasira na kutoa hukumu, ndipo akamwonyesha kuwa mkosaji ni yeye mwenyewe. Fuata utaratibu huo. Darasa limhukumu Gege, tena bila huruma. Kisha uliza: kwenye kituo cha kuuzia majani, karani akimpunja mama mjane kilo mbili nawe unaona, na karani huyo ndiye aliyeahidi kumtafutia kaka yako kazi kiwandani, utasema? Kimya kitatanda. Usiharakishe kukijaza (ndicho kipindi chenyewe).

Wapo watakaodai kuwa haya ni ya vitabuni. Watajie Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Mkalenjini, aliyeonywa hadharani na waziri asikanyage Busia. Alikwenda. Akafa katika ajali ya barabarani akirejea, Agosti 1990. Lakini naye usimgeuze sanamu. Waulize wanafunzi kama wangekubali, wiki ile, kuonekana wakimsalimia.