Mguu wa Nani Unaouma? Kuhakiki "Born to Run" ya Christopher McDougall

Makala hii inakusudia kuchambua kitabu cha Christopher McDougall, Born to Run, kilichochapishwa Marekani mwaka 2009, nami nakichambua kama kazi ya fasihi. Nalisema hilo mapema kwa sababu katika semina yetu wenzangu wawili watatu walinibana: hicho si kitabu cha michezo, tena cha habari za kweli? Sasa mhakiki wa fasihi anatafuta nini huko? Natafuta msuko, natafuta wahusika, natafuta msimamo wa msimuliaji. Vyote vimo. Na kitabu kilichosomwa na watu wengi kiasi kile, hata kikawavua viatu, hakiwezi kuachiwa makocha peke yao.

Kwa ambaye hajakisoma, kisa chenyewe ni hiki. McDougall ni mwandishi wa habari, pande la mtu, anayependa kukimbia lakini kila akikimbia anaumia. Mwaka 2001 mguu unamshinda kabisa. Anakwenda kwa madaktari bingwa, anachomwa sindano ya kotizoni, anaelezwa kwamba mwili wa binadamu, na hasa ulio mkubwa kama wake, haukutengenezwa kustahimili kishindo cha mbio. Hakubali. Baadaye akiwa Meksiko kikazi anapata habari za watu wa mabonde ya Copper Canyon, katika milima ya Sierra Madre, ambao hukimbia kutwa kucha milimani wakiwa wamevaa viatu vya mpira wa tairi, yaani makatambuga haya haya tunayoyajua sisi. Anawafuata. Huko anamkuta Mmarekani mwenzake, Micah True, bondia wa zamani aliyejiita Caballo Blanco, Farasi Mweupe, mwenye ndoto ya kuwakutanisha wakimbiaji wa mabondeni na mabingwa kutoka Marekani. Mbio zinafanyika Urique mwezi Machi 2006: kilomita zinazokaribia 80, kupanda na kushuka, juani. Arnulfo Quimare anashinda. Scott Jurek, aliyekuwa ameshinda mbio za Western States za maili 100 mara saba mfululizo, anashika nafasi ya pili na kumwinamia mshindi. McDougall naye, baada ya mazoezi ya miezi mingi, anamaliza kwa zaidi ya saa 12. Mguu haumwumi tena.

Tukiutazama msuko huo vizuri tutaona kwamba ni wa zamani sana, wala si mali ya Wamarekani peke yao. Bibi zetu walitusimulia: sultani kaugua, waganga wote wa mjini wameshindwa, dawa iko nchi ya mbali nyuma ya milima saba. Anaondoka mtu, njiani anakutana na kizee anayeijua njia, anapewa masharti, anajaribiwa, anaipata dawa, anarudi. Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alionyesha kwamba ngano huanza na dhara au upungufu, na kwamba shujaa haufuti upungufu huo mpaka akutane na mhusika wa kumpa kitu cha kumsaidia. Tumwite mpaji. Ukimsoma McDougall kwa jicho hilo mambo yanajipanga yenyewe. Madaktari ndio waganga wa mjini walioshindwa. Caballo Blanco ndiye kizee wa njiani. Eric Orton, kocha wake, ndiye mwenye masharti. Mbio za Urique ndizo jaribio, na upungufu ni mguu. Na watu wa mabondeni? Hao ndio dawa.

Hapa ndipo ugomvi wangu na kitabu unapoanzia. Dawa haiumwi.

Nieleweke vizuri: kama fundi wa kusimulia, McDougall hana mchezo. Sura zake za mbio za Leadville, huko Colorado, ni za kusoma umesimama. Mwaka 1993 Victoriano Churro, mzee wa miaka 55 kutoka mabondeni, anashinda mbio za maili 100 juu kwenye hewa nyembamba. Mwaka 1994 Ann Trason anaongoza kwa saa nyingi mbele ya wanaume mpaka Juan Herrera anapompita na kushinda. Mwandishi anajua wapi pa kukatisha. Anakuacha na Trason anapanda mlima, anakupeleka kwenye maabara, unamlaani, kisha anakurudisha mlimani ukiwa na hamu kuliko ulivyokuwa. Kicheko chake pia ni cha mtu anayejicheka mwenyewe kwanza. Na maumivu anayajua. Nilikisoma kitabu hiki nikiwa na goti lililovimba kwa mpira wa viwanjani, baada ya zahanati moja kunipa vidonge na kuniambia nitafute mchezo mwingine, na zile kurasa za mwanzo nilizisoma kama barua niliyoandikiwa mimi. Huo ndio uwezo wa msimuliaji wa nafsi ya kwanza: akiumwa yeye, unaumwa wewe.

Lakini angalia nani kapewa maumivu na nani kanyimwa. Jurek ana utoto, ana mama mgonjwa, ana mashaka. Trason ana hasira. Jenn Shelton na Billy Barnett, vijana wawili wa Kimarekani, wanapewa kurasa za ujana wao, pombe na vituko vyao. Hao wote ni wahusika duara. Arnulfo Quimare, aliyewashinda wote, tunamkutaje? Yuko kimya. Anampokea mgeni kwa matunda na maneno machache. Siku ya mbio anatokea, anapita kama upepo, anashinda. Kimemkereketa nini alfajiri ile? Mguu ulimgonga wapi? Aliogopa kushindwa mbele ya watu wake? Hatujui. Mshindi wa mbio ni mhusika bapa katika kitabu cha ushindi wake mwenyewe.

Wapo watakaomtetea mwandishi kwa sababu ya lugha. Watasema Arnulfo si mtu wa maneno mengi, na mgeni mwenye adabu hachokonoi. Sawa. Ila msimuliaji huyu huyu ana ujasiri wa kuingia kichwani mwa wawindaji walioishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita na kutueleza walivyokuwa wakimfukuza swala. Aliyeweza kuvuka miaka yote hiyo ameshindwaje kuvuka meza?

Hata jina lina neno. Kitabu kinawaita Tarahumara, jina walilobandikwa na Wahispania. Wenyewe hujiita Rarámuri. McDougall analijua hilo na analieleza, kisha anaendelea na jina la wageni mpaka mwisho, kwa sababu ndilo lililozoeleka. Nami kuanzia hapa natumia lao.

Tuje kwenye jina la kitabu, maana hapo Kiswahili kinatusaidia kuona jambo ambalo Kiingereza kinalificha. Jaribu kulitafsiri. Kiingereza kinakuruhusu kusema mtu kazaliwa ili akimbie bila kumtaja ni nani. Kiswahili kinakataa, kinataka nafsi. Tuliozaliwa Kukimbia? Waliozaliwa Kukimbia? (Mwenzangu mmoja alipendekeza Kuzaliwa na Mbio. Hiyo ni kukimbia swali, ingawa inafaa mada.) Ukifuata sura za sayansi, jibu ni "tu". Hapo McDougall anategemea kazi ya Dennis Bramble na Daniel Lieberman, waliotoa mwaka 2004 makala katika jarida la Nature wakidai kwamba umbo la binadamu, tangu kano za kisigino hadi uwezo wa kutoa jasho, limejengwa na kukimbia masafa marefu. Anamleta pia Louis Liebenberg, aliyefuatana na wawindaji wa Kisan huko Kalahari wakimkimbiza mnyama mpaka anachoka. Hoja ni ya watu wote: mimi, wewe, jirani yako. Lakini ukifuata sura za mabondeni, kiambishi kinabadilika kimyakimya kuwa "wa". Wao hawachoki, wao hawaumii, wao wana siri, na sisi tumeipoteza. Kitabu kinahubiri "tu" na kusimulia "wa". Kwa maoni yangu huo ndio ufa mkubwa wa kazi hii, na si ufa wa maudhui peke yake. Ni wa fani: ngano ya kutafuta dawa haiwezi kuendelea kama wapaji nao wanahitaji dawa.

Kwa nini hili lituhusu sisi wa huku? Kwa sababu kiambishi hicho tumeshakivaa. Wakimbiaji wa Bonde la Ufa nao wameandikwa hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi: wamezaliwa nayo, ni mwinuko, ni kwenda shule kwa miguu, basi. Lieberman mwenyewe alikuja kupima nyayo za wakimbiaji wa Kenya wasiovaa viatu, na matokeo yakatoka Nature mwaka 2010, yakasomwa pamoja na kitabu hiki kama mtu na ndugu yake. Mtu aliyezaliwa na kitu hahesabiwi jasho lake. Dunia inaikumbuka dakika 1 na sekunde 40.91 ya David Rudisha, London 2012. Goti lililomweka nje mwaka 2013, na safari ya kurudi mpaka dhahabu ya Rio mwaka 2016, hutajwa kwa sentensi moja, halafu tunaendelea. Mzungu akiumia mguu, ni sura ya kwanza ya kitabu. Mwafrika au Mrarámuri akiumia, ni taarifa ya kujitoa mashindanoni.

Yaliyofuata baada ya kitabu ni somo la upokezi, nayapitia haraka. Wasomaji waliichukua dawa wakasahau masharti: wakavua viatu vyenye soli nene, wakavaa viatu vyembamba vyenye vidole au wakakimbia peku. Wengine walipona. Wengine walipasuka mifupa ya nyayo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha dalili za mifupa kuelemewa kwa baadhi ya waliobadilisha viatu kwa wiki 10 tu. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya madai ya matangazo yake, bila kukiri kosa. McDougall hakuuza viatu hivyo, wala simshtaki. Lakini ngano ikishasema dawa ipo, duka haliwi mbali.

Huko mabondeni kwenyewe maisha yaliendelea bila kusubiri ukurasa wa mwisho. Caballo Blanco alifariki mwezi Machi 2012 akiwa mbioni peke yake katika nyika za New Mexico. Mbio zake zilikua, zikawa zinavuta mamia ya watu, na sehemu ya zawadi ya kumaliza ikawa kuponi za mahindi. Mwaka 2015 waandaaji walizifuta kwa sababu ya mapigano ya magenge ya dawa za kulevya. Mahindi na bunduki: hivyo navyo ni mandhari ya mbio za milimani, na msomaji aliyefunga kitabu akiwa na picha ya bonde lenye amani ana haki ya kudai alichopunguziwa.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mwaka 2020 jarida la Current Anthropology lilitoa makala ndefu juu ya kukimbia katika utamaduni wa Rarámuri. Mwandishi wa kwanza ni Lieberman yule yule, na makala inakwenda kinyume cha imani ambayo kazi yake ya awali ilisaidia kuijenga kwa wasomaji wa kawaida. Inasema hakuna "mshenzi mwanariadha" aliyezaliwa na miguu ya ajabu. Rarámuri hawafanyi mazoezi ya kukimbia kama yafanywavyo mijini; stahamala yao inatokana na kulima, kutembea milimani, kuwinda, na kucheza ngoma usiku kucha. Mbio zao za kupiga mpira wa mbao kwa mguu, rarájipare, na zile za wanawake za kurusha pete, ariwete, ni shughuli za jamii nzima zenye sala na kamari ndani yake. Na wakikimbia mbali wanapata wanayoyapata wengine wote: misuli kukaza, kichefuchefu, majeraha.

Wanaumwa, jamani. Imechukua miaka 11 kuandikwa.

Halafu soma orodha ya waandishi wa makala hiyo. La tatu ni jina la Silvino Cubesare Quimare, mmoja wa wakimbiaji wa Urique mwaka 2006, mhusika bapa wa Born to Run. Ametoka ndani ya hadithi akaenda kukaa upande wa wanaoandika. Katika uhakiki tunazoea kuuliza kama mhusika anabadilika kutoka mwanzo wa kazi hadi mwisho. Huyu kabadilika nje ya kazi, na kabadilisha namna ya kuisoma.

Mwingine ni Lorena Ramírez, ambaye Juan Carlos Rulfo, mtoto wa Juan Rulfo tunayemsoma katika riwaya ya Pedro Páramo, alimtengenezea filamu fupi mwaka 2019. Humo kuna mahali Lorena anaonyesha viatu vya kisasa alivyopewa, na kueleza kwa utulivu kwamba hadhani atavivaa, kwa kuwa wanaovivaa huwa nyuma yake siku zote. Ukumbi wetu ulipasuka kwa kicheko, hata wale wa "hiki si fasihi". Hapo aliyekuwa akitazamwa ndiye anayetazama. Lakini kuna jingine juu ya Lorena ambalo mimi nalishika zaidi. Mwaka 2017 alikwenda Tenerife, Hispania, kwenye mbio ndefu za milimani, goti likamtoa kabla ya mwisho. Mwaka 2018 alirudi kwenye mbio hizo hizo, kilomita 102, akamaliza. Kuumia, kurudi, mlima, mwisho: ni msuko wa McDougall ule ule, ila mwenye mguu si yule. Kitabu kinachoanzia kwenye goti hilo bado nakisubiri.